Upande wa Pili

Januari iliyopita niliuza santuri moja ya babu. Naanza na hilo ili msomaji asifike katikati akadhani mimi ni mtu mwema.

Nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili kule Umoja, na mwenye ploti alikuwa ameshaanza kunipigia kwa namba ngeni. Kazi yangu ni kuandika. Naandikia watu wa nje maelezo ya viatu, magodoro na chakula cha mbwa, nalipwa kwa kuhesabiwa maneno, na Desemba yote hayakuwa yamehesabiwa. Chuo niliacha mwaka wa tatu, sababu zikiwa nusu karo na nusu mimi mwenyewe. Baba hajawahi kukubali hiyo nusu ya kwanza.

Krismasi nilienda Changamwe kwa babu. Uvunguni mwa kitanda chake kuna sanduku la mbao nyembamba, yale yaliyokuwa yakisafirishia majani ya chai, na ndani mna sahani za santuri, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi ya khaki. Ni zile nzito za zamani, nyeusi, za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wa India uliochanganywa na unga wa mawe, na ukiiangusha moja sakafuni huokoti santuri, unaokota vigae. Kinanda chenyewe, kile cha kutia ufunguo, spring yake ilikatika kabla baba hajaanza shule. Baadaye babu alinunua radiogramu, nayo ikafa karibu 1990. Kwa hiyo mimi nilikuwa sijawahi kuzisikia. Kwangu zilikuwa sanduku tu la kugonga kidole cha mguu gizani.

Nilizipiga picha kumi na mbili, nikaziweka mtandaoni mahali wanapokutana wakusanyaji. Kabla ya saa mbili kupita Mholanzi mmoja alikuwa ameniandikia. Alitaka moja tu, ya gitaa, ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Mpigaji wake simtaji, nisije nikaamsha soko. Aliuliza kama ina ufa. Nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha: ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Akashusha bei. Nikakubali. Niliifunga katikati ya vipande viwili vya mbao na fulana yangu ya chuo, ambayo ilikuwa haina kazi nyingine, nikaipeleka posta. Kodi ikalipwa.

Sasa nieleze hicho nilichouza ni nini, maana wakati ule sikujua.

Watu wengi wa rika langu tunadhani muziki wa kurekodiwa huku kwetu ulianza na Malaika. Ulianza mapema zaidi ya hapo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu, alipanda meli na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza kinanda. Taarabu kabla yake ilikuwa ya Kiarabu, ya jumba la Sultani. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na santuri zake zikavuka maji zikafika mahali yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Kampuni haikufanya hivyo kwa kupenda taarabu. Walikuwa na vinanda vya kuuza, na mtu hanunui kinanda kama hakuna sahani inayosema lugha yake.

Jambo linalonishangaza katika habari hizo ni muda. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba dakika tatu na ushee. Taarabu inakesha. Mwimbaji anarudia ubeti, watu wanatunza, zumari au fidla inajibu, hakuna anayetazama saa. Halafu ghafla unaambiwa: imba, na ukifika dakika ya tatu uwe umemaliza, au ukate, mtu ageuze sahani. Kwa hiyo ule ufupi ambao wazee wanatulaumu nao, kwamba siku hizi nyimbo hazifiki popote, tunacheza vipande vya sekunde kumi na tano kwenye TikTok, ulianza na wao. Mashine ilikata wimbo kabla hatujazaliwa. Sisi tumeendelea kukata tu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaja gitaa. Fundi Konde, kijana wa Kilifi, alikuwa kwenye kikosi cha jeshi cha burudani huko Burma, akarudi, akaanza kurekodi, na hata leo Tausi ikipigwa kwenye harusi ya Pwani utaona akina mama wanaweka sahani za pilau chini. Toka magharibi akaja George Mukabi na gitaa lake la omutibo, pembeni mtu akikwaruza chupa ya Fanta kwa chuma ili mikunjo yake itoe mdundo. Kutoka Kongo, Jean-Bosco Mwenda, ambaye vidole vyake viwili viliwapa kazi ya maisha wapiga gitaa wa Kenya nzima. Ndipo Nairobi, Equator Sound, Fadhili William, Daudi Kabaka. Helule Helule ya Kabaka ilivuka hadi Uingereza, ambako The Tremeloes waliirekodi 1968. Malaika ikaimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 ikaimbwa na Boney M. Kuhusu nani hasa aliyeitunga, mimi nyamaza yangu. Babu ni Mtaita kama Fadhili, na Mtaita yeyote wa umri wake ana shahidi wake wa kesi hiyo, na mashahidi hawalingani.

Babu alikuja Mombasa akiwa na miaka kumi na minane, akawa karani bandarini Kilindini. Mshahara wa miezi kadhaa wa kwanza aliutia kwenye kinanda cha mkono wa pili. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana kule Mbale, mzee wa kanzu nyeupe na kengele. Alipokuja kumtembelea mwanawe mjini, alikuta kinanda kiko juu ya meza na Biblia iko chini ya kinanda, imewekwa pale ili kisiyumbe. Babu anasema mzee hakupaza sauti. Alichukua santuri saba, moja moja, akazivunja kwenye kizingiti cha mlango, kisha akaomba chai.

"Alisema ni uhuni," babu huniambia. "Gitaa lenyewe. Hata maneno hakuyasikiliza."

Na angeyasikiliza? Fundi Konde ana wimbo unaoitwa Majengo Siendi Tena. Jina tu. Mtu haapi kwamba hatarudi mahali ambapo alikuwa anaenda kusali.

Babu naye akazaa. Baba yangu alikulia kwenye enzi ya Lingala, ya kina Franco, Super Mazembe, Les Wanyika, nyimbo za dakika kumi zenye sehemu ya kutulia na sehemu ya kuchachamaa. Kwake yeye santuri za babu zilikuwa nyimbo za maskauti. Alizionea haya mbele ya marafiki. Babu kwa upande wake aliita Lingala "kelele za watu wasiojua kumaliza", na siku moja alitupa kaseti ya baba kwenye choo cha shimo, tukio ambalo baba hulisimulia mpaka leo kwa uchungu wa mtu aliyefiwa.

Ungetegemea mtu aliyetupiwa kaseti chooni angekuwa mpole kwangu. Wapi! Nikiwa kidato cha tatu, baba alinikuta nasikiliza genge, akanyofoa spika ukutani na waya wake. Nilipofika chuo ikaja gengetone. Lamba Lolo ya Ethic ilitoka 2018 na katika matatu ya kwenda Rongai hukuweza kuikwepa hata ungetaka. Baba aliisikia mara moja, akauliza kama hao vijana wana wazazi. Nisiseme uongo: mwaka uliofuata kikundi hichohicho kilipotoa Tarimbo, watu wakaupinga wimbo kwa sababu ulifanya ubakaji kuwa mzaha, hapo wazee walikuwa sahihi na sisi tuliokuwa tunaitetea kwa jina la uhuru wa sanaa tulikuwa wapumbavu. Ila baba hakuwa na shida na Tarimbo peke yake. Shida yake ilikuwa mdundo, sheng, viatu, kila kitu. Kama babu yake kwenye kizingiti, hata maneno hakuyasikiliza.

Wakati huohuo kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, kila Jumapili jioni, baba hutuma wimbo wa zamani na kuandika: muziki ulikuwa enzi hizo, wenye mafunzo. Wiki moja alituma Sina Makosa. Nikamjibu, baba, huyu jamaa ana wake nyumbani, anamwambia mwanamume mwenzake, naye ana wake nyumbani, kwamba hana makosa na hakuna haja ya hasira juu ya mwanamke asiye wa yeyote kati yao. Funzo ni lipi? Shangazi alicheka kwa emoji kumi na moja. Baba hakujibu hadi Jumatano, na jibu lenyewe lilikuwa wimbo mwingine.

Tunaziita zilizopendwa. Nimelifikiria sana neno hili tangu Januari. Redio ilitupa jina hilo na tukalimeza bila kutafuna. Zilizopendwa. Na nani? Neno lenyewe halisemi. Linaficha mpenzi, linabakiza wimbo. Linafanya ionekane kana kwamba nchi nzima ilikaa kitako siku moja ikakubaliana, kumbe kila moja ya nyimbo hizo ilipendwa na mtu aliyekuwa amefunga mlango ili baba yake asisikie.

Pasaka nilirudi Changamwe. Babu ana miaka themanini na sita, macho yamefifia lakini ndevu hunyoa mwenyewe, kila asubuhi, na akinyoa huimba. Huimba wimbo mmoja tu. Tangu nikiwa mdogo naujua: anaimba mstari, na katikati ya maneno anagonga ulimi kwenye kaakaa, tk, tk, tk, kwa mpigo usiobadilika, hata mahali ambapo wimbo wenyewe unaonekana kutaka kwenda upande mwingine. Siku zote nilidhani ni ala. Nilidhani ni chupa ya Fanta.

Asubuhi ile hakuimba. Alimaliza kunyoa, akajifuta, akaketi kwenye kiti chake cha kamba barazani.

"Mke wangu," akaniita, kama anavyoniita tangu nizaliwe. "Hebu nisaidie hesabu. Kwenye sanduku mlikuwa na santuri arobaini na moja."

Nikanyamaza.

"Jana nimezipapasa. Arobaini. Nikasema labda vidole navyo vimezeeka. Nikazipapasa tena."

"Niliuza moja, babu."

"Ya ufa."

"Ya ufa."

Kuku wa jirani alikuwa anavuka baraza. Babu alimngoja apite kana kwamba ni mgeni.

"Ulipata ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu.

"Umepunjwa," akasema.

Ningependelea angenigombeza. Nilianza kueleza habari ya kodi, ya mwenye ploti, ya Wazungu wasiolipa kwa wakati, nikajisikia naongea kama wakili. Akanikatiza kwa mkono. Alitaka kujua kitu kimoja: huyo Mholanzi aliinunua kwa ajili ya upande upi?

Nikasema ule wa gitaa. Upande wa kwanza. Ndio anaoutafuta kila mtu.

"Hata haugeuzi?"

Sikujua. Mimi mwenyewe sikuwa nimeugeuza. Kwenye picha niliyotuma hata upande wa pili haukuwemo.

Ndipo akanieleza. Upande wa pili ulikuwa na wimbo wa mwanamume na mwanamke, na lebo haikumtaja mwanamke. Iliandika jina la mwanamume "na wenzake". Wenzake! Siku zile walirekodi wote pamoja mbele ya maikrofoni moja, mara moja au mbili, basi, kampuni haikuwa na muda wa kupoteza kwa waimbaji wa shilingi chache. Na katika wimbo ule, kwenye ubeti wa pili, yule mwanamke anachelewa kuingia. Gitaa linafika mahali pake, linamngoja, halimwoni, linazunguka tena, ndipo yeye anaingia mbio kama mtu aliyekimbilia basi. Hawakurudia. Wakaliacha kosa, wakaliuza.

"Bibi yako alipenda pale tu," babu akasema. "Wimbo wote haukumhusu. Tulikuwa tunacheza kule Makupa, chumba kimoja, kitanda tumekisimamisha ukutani ili kupatikane nafasi. Akifika pale ananiacha mikono mitupu, anasimama, anamngoja yule mwanamke. Akishaingia, anarudi."

Bibi alikufa 2016. Mimi namkumbuka kama mtu wa leso na dawa za presha. Sikuwahi kumwona akicheza.

Usiku ule nilimwandikia Mholanzi. Niliandika imeili ndefu kuliko maelezo yoyote ya godoro niliyowahi kulipwa. Nilimwomba arekodi upande wa pili aniletee. Nikaongeza kwamba niko tayari kulipa, jambo ambalo halikuwa kweli. Alijibu baada ya siku nne, kwa upole kabisa. Hakutaka pesa. Alikiri kwamba upande ule alikuwa hajausikiliza, na kwamba hakuupata mahali popote kwenye intaneti. Aliambatisha faili.

Nilimpigia binamu yangu aliye Changamwe, nikamtumia, akamwekea babu vipokea sauti masikioni. Binamu alinirekodi video. Babu alisikiliza dakika zote tatu akiwa ametulia, akavivua, akavirudisha.

"Si wenyewe," akasema.

Nikadhani Mholanzi amekosea santuri. Nikausikiliza mimi. Gitaa safi, sauti ya mwanamume, mwanamke akichelewa kwenye ubeti wa pili kama nilivyoambiwa. Wimbo ulikuwa ni ule. Ila kitu kilipungua, na ilinichukua kuusikiliza mara nne kukijua. Hakukuwa na tk.

Ule ufa. Sindano ilikuwa inaupanda kila santuri ikizunguka, zaidi ya mara moja kwa sekunde, kwa miaka thelathini. Babu aliujifunza wimbo pamoja na ufa wake. Watoto wake waliujifunza hivyo; nilipompigia baba simu kumuuliza, aliuimba papo hapo, akagonga ulimi bila kufikiri, yeye aliyekuwa anaona haya. Yule bwana wa Uholanzi, kwa nia njema, alikuwa ameupitisha wimbo kwenye programu ya kuondoa mikwaruzo kabla ya kuutuma. Alidhani ananisaidia.

Nikamwandikia tena: naomba mbovu. Aliona ajabu, lakini alituma.

Safari hii nilipanda basi la usiku mwenyewe, kwa pesa ya kukopa. Nilifika asubuhi babu akiwa bado na povu la sabuni shavuni. Nikaiweka simu juu ya kisima cha mtungi, bila vipokea sauti, sauti hadi mwisho. Wimbo ulianza na kelele kama mvua juu ya mabati, kisha tk, tk, tk, na gitaa nyuma yake. Mtoto wa binamu, wa miaka mitano, alitoka ndani na kikombe cha uji kusikiliza.

Babu aliweka wembe chini. Ubeti wa kwanza uliisha. Gitaa likafika mahali pake, likangoja. Akainua kidole.

"Bado," akasema. "Bado."

Mwanamke akaingia.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alikuwa amerudi kwenye kioo, ananyoa shavu la pili. Nikamuuliza kama nimwekee na upande wa kwanza, maana Mholanzi alituma zote mbili.

"Huo mwachie," akasema. "Kaununua."